Mswada Umekwama kwa Nani? Uhakiki wa Programu Huria za Kupanga Kazi

Utangulizi

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta humu uhakiki wa riwaya, tamthiliya na ushairi. Makala haya yanahakiki kitu kingine: programu za kompyuta zinazosaidia kikundi kugawana kazi na kujua kila kazi imefika wapi. Mimi si fundi wa kompyuta. Ni mwanafunzi wa fasihi, na kompyuta naijulia kuandikia insha tu. Nimelishika jambo hili kwa sababu ya mswada mmoja.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alituletea uhakiki wake, wa kwanza kabisa kuuandika. Wahariri wawili waliusoma, na wote wawili waliupenda. Kila mmoja akadhani mwenzake ndiye aliyemjibu. Miezi mitano ikapita. Tulipokuja kumtafuta alituambia, kwa upole kabisa, kwamba alishaacha kuandika maana alijua kazi yake haifai. Mmoja wa wahariri wale wawili ni mimi.

Wakati huo mambo yetu yote yalikuwa kwenye grupu la WhatsApp, humo humo pamoja na salamu, misiba na utani. Kosa halikuwa la simu, lilikuwa letu. Hatukuwa na mahali pa kuuliza swali dogo: mswada huu uko kwa nani? Hivyo basi tukaamua kutafuta programu. Tulikuwa na masharti mawili: isitutoze fedha, maana hatuna, na isitufungie kazi zetu siku tutakapoondoka chuoni.

Tuanze na safari ya mswada

Mkutano wetu wa kwanza ulikuwa wa kutajiana majina. Huyu anasema Redmine, yule OpenProject, mwingine Taiga, mwingine Kanboard. Tukabishana saa mbili bila kufika popote. Sasa naona tulikuwa kama mhakiki anayechagua nadharia kabla ya kusoma kitabu.

Mkutano wa pili tulichukua karatasi na kuandika safari ya mswada tangu unapofika hadi unapochapwa. Unapokelewa. Unasomwa na watu wawili. Unarudishwa kwa mwandishi na maoni. Unahaririwa. Unapangwa kurasa, unasomwa prufu, unachapwa. Kisha tukaongeza maswali matatu. Nani ana haki ya kusema "umekubaliwa"? Mswada unaweza kurudi nyuma mara ngapi? Na nani anamwandikia mwandishi?

Swali la tatu lilitunyamazisha. Hakuna aliyekuwa amepewa kazi hiyo. Jamani, jarida linaingia mwaka mpya na hakuna mtu ambaye kazi yake ni kumjibu mwandishi! Programu hata moja ilikuwa haijawashwa, na tayari tulikuwa tumeuona ugonjwa.

Fani ya chombo na maudhui yake

Tumefundishwa kwamba fani haitengani na maudhui. Programu nazo ni hivyo hivyo. Kila moja ina mtazamo wake kuhusu kazi ni nini, na mtazamo huo umejificha katika umbo lake. Nitataja maumbo matatu.

La kwanza ni chati ya Gantt, inayobeba jina la mhandisi Mmarekani Henry Gantt, aliyeieneza katika miaka ya 1910. Kila kazi ni mstari wenye mwanzo na mwisho juu ya kalenda. Chati hii inaamini kwamba muda unajulikana kabla. Kwa mjenzi wa nyumba ni sawa, kwa sababu paa haliwezi kutangulia msingi. Kwa mwandishi anayesubiri mtihani upite ndipo arekebishe insha yake, mstari ule ni ndoto tu.

La pili ni ubao wa kadi, yaani kanban. Neno hili ni la Kijapani, na mfumo wenyewe ulikuzwa na Taiichi Ohno katika viwanda vya Toyota kuanzia miaka ya 1950. Kadi ilisafiri pamoja na vipuri, na hakuna aliyetengeneza kipuri kabla hakijahitajika. Ubao hauulizi kazi itakwisha lini. Unauliza kuna nini mikononi mwetu sasa hivi, na je, kimezidi?

La tatu ni tiketi: kila jambo ni tatizo lenye namba, linafunguliwa, linashughulikiwa, linafungwa. Umbo hili lilizaliwa kwa mafundi wanaotafuta makosa ya programu. Lakini mswada si kosa la kufungwa. Mwandishi akirudishiwa kazi yake, ndipo kwanza mazungumzo yanaanza.

Baada ya hapo ndipo tukazisoma programu zenyewe. Redmine, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2006 na Jean-Philippe Lang, ni ya tiketi, ingawa ina kalenda na chati ya Gantt pia. Nguvu yake ni mamlaka: unaweza kupanga kwamba msomaji hawezi kuuhamisha mswada hadi "umekubaliwa", bali mhariri mkuu peke yake. Kwa ofisi kubwa hilo ni jambo zuri. Kwetu sisi tulio kumi na saba, kupanga ngazi zote hizo kungekuwa kazi kuliko kazi yenyewe.

OpenProject ni mjukuu wa Redmine. Baadhi ya watengenezaji walijitenga mwaka 2011 wakaunda ChiliProject, na humo ndimo OpenProject ikatoka. Ni pana na inapendeza machoni, ila baadhi ya vipengele vyake vimo katika toleo la kulipia tu, na inashauri seva yenye RAM ya GB 4. Kompyuta tuliyokuwa nayo ni kuukuu, haifiki huko. Taiga, iliyotengenezwa Hispania, ina ubao mzuri, lakini imejengwa kwa ajili ya timu za waandika programu, na istilahi zake zilitupa wageni wengi wa kuwazoea.

Tuliishia kwa Kanboard. Ni ubao wa kadi na si zaidi sana ya hapo. Inatumia PHP, na taarifa zake zinaweza kukaa katika faili moja tu la SQLite, kwa hiyo kunakili kumbukumbu zetu ni kunakili faili hilo pamoja na folda ya viambatisho. Tena kila safu inaweza kuwekewa kikomo cha kadi. Ina udhaifu wake: mtengenezaji wake ametangaza kwamba anaitunza tu, haongezi mambo makubwa mapya. Kwetu hilo halikuwa tatizo, kwa sababu hatukuhitaji makubwa.

Uhuria maana yake nini?

Wengi husikia "programu huria" wakaelewa "ya bure". Si hivyo. Programu ni huria pale ambapo msimbo wake, yaani maandishi ya mtengenezaji, uko wazi kusomwa, kubadilishwa na kugawiwa kwa wengine. Leseni ndizo hutofautiana. Redmine iko chini ya GPL: ukiibadilisha na kuisambaza, sharti utoe na msimbo. Kanboard iko chini ya MIT: unaweza kuichukua na kuifanya upendavyo, mradi uache tangazo la hakimiliki.

Faida yake huonekana siku ya shida. Trello, ambayo si huria, ilianza mwaka 2011 na kununuliwa na Atlassian mwaka 2017. Mwaka 2024 toleo lake la bure likawekewa kikomo cha washiriki 10 kwa kila eneo la kazi. Mwenye mali ana haki yake. Mtumiaji hana la kusema. Linganisha na Phabricator, iliyokuwa huria. Mwaka 2021 kampuni yake iliacha kuiendeleza. Watumiaji wakauchukua msimbo, wakaipa jina Phorge, na safari ikaendelea.

Kwetu wapenzi wa Kiswahili kuna mfano wa karibu zaidi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kumpigia mtu magoti, kwa sababu leseni ilishawaruhusu.

Hata hivyo tusidanganyane. Uhuria hauwashi seva, wala haufanyi nakala rudufu. Kwa hiyo tuliweka kanuni: nakala kila Ijumaa, na nywila kuu kushikwa na watu wawili, mmoja lazima awe wa mwaka wa pili ili wa tatu wakihitimu wasiondoke na ufunguo.

Hitimisho

Tulipoingiza miswada yote kwenye ubao, kadi zilikuwa 19. Siku zote tulikuwa tukilalamika mikutanoni kwamba waandishi wanachelewesha jarida. Safu ya "Kwa mwandishi" ilikuwa na kadi mbili. Safu ya "Inasomwa" ilikuwa na kadi 11, na tatu kati ya hizo zilikuwa na jina langu.

Sikuwa na la kusema. Tukaweka kikomo cha kadi sita kwenye safu ile, na kanuni kwamba kila kadi iwe na jina la mtu mmoja wa kumjibu mwandishi ndani ya wiki mbili, hata kama jibu ni "bado tunasoma".

Anayetaka kuchagua programu kwa ajili ya kikundi chake, ushauri wangu ni huu. Andika kwanza safari ya kazi yenu kwenye karatasi. Uliza chombo kilitengenezwa kwa kazi ya nani. Soma leseni. Kisha chukua kile kidogo kabisa kinachotosha.

Yule mwandishi nilimwandikia barua mwenyewe, na mswada wake nimeuwekea kadi. Iko kwenye safu ya "Kwa mwandishi". Hajajibu, na safari hii mwenye haki ya kuchelewa ni yeye.