Je, Wajua? Kopo lina mnunuzi, chupa ya plastiki haina

Pemba, makao makuu ya mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji, ilipokea wakimbizi wa ndani zaidi ya 100,000 baada ya vita kuzikumba Mocímboa da Praia na, Machi 2021, Palma. Mji ukifurika hivyo, taka hutangulia magari ya kuzizoa. Waokota taka husaidia, ila huchagua chenye bei. Kuyeyusha alumini iliyokwisha kutumika huokoa takriban asilimia 95 ya nishati ya kuizalisha upya kutoka kwenye madini, ndiyo maana kopo la alumini lina mnunuzi. Plastiki ni nyepesi na bei yake ndogo. Kuifikisha sokoni Maputo, zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara, hula faida yote. Soko peke yake, basi, halitausafisha ufuo wa Pemba.

Wapo watakaosema kazi hii ya kuokota taka ni ya hatari, ipigwe marufuku. Hatari ipo. Lakini jaa la Hulene, Maputo, lilipoporomoka kwa mvua Februari 2018 na kuua watu wasiopungua 16, lilifukia nyumba za majirani: kilichoua ni taka kuachwa zirundikane. Manispaa iwalipe waokota taka kwa kila kilo ya plastiki, na iwape glavu na buti.