Kumi la Mwisho Laanzia Jikoni



Ndugu msomaji, kila mwaka Ramadhani ifikapo katikati, sisi tunaokaa mbele ya watu katika darsa huwa na maneno yetu tunayoyajua kwa moyo. Huwahimiza waumini wajiandae kwa kumi la mwisho, wautafute usiku wa Lailatul Qadr, wakithirishe Qur'ani na wapunguze usingizi. Maneno hayo ni ya haki, nasi hatuyarudi. Ila mwaka huu tumeulizwa swali ambalo kwa miaka yote ya kusomesha hatukuwahi kuulizwa. Aliyeuliza hakuwa mwanafunzi wa darsa. Alikuwa mwenzetu wa nyumbani, naye alituuliza wakati wa daku, birika la chai li mkononi mwake.

Ulikuwa usiku wa kuamkia tarehe 17, siku ya Badri. Tulikuwa tukimweleza darsa tuliyoikusudia baada ya Alasiri: kwamba tutaanza kwa habari za Badri, kisha tuwausie watu juu ya kumi la mwisho. Alitusikiliza mpaka tukamaliza, akatia chai, halafu akasema: "Babake, kusimama nitasimama. Lakini niambie, nisimame msikitini au nisimame jikoni?"

Tulidhani ni mzaha, tukacheka. Yeye hakucheka. Akatuhadithia habari za usiku wa tarehe 27 wa mwaka jana. Usiku ule sisi tulikuwa katika itikafu, na asubuhi yake watu walitupa mikono na kutuombea kabuli. Yeye, baada ya kuosha vyombo vya futari, alikuwa katika mtaa wa Biashara na watoto wawili akitafuta viatu, akisukumana na umati ambao nao ulikuwa umengoja siku za mwisho kama yeye. Alirudi saa 7 za usiku. Akapiga pasi kanzu, zetu zikiwa za mwanzo. Akatandika mswala, akakaa kupumzisha miguu kidogo kabla ya kuleta takbiri, na kilichomwamsha ni adhana ya Alfajiri. "Nikalia," akasema, "kisha nikaenda kuchagua mchele."

Hakusema kwa kulaumu, na pengine ndiyo maana maneno yake yalituingia. Tuliona kwamba itikafu yetu, ambayo tuliihesabu kuwa ni juhudi zetu, ilikuwa imebebwa na mgongo wa mtu mwingine, na mtu huyo hakupata hata rakaa mbili za usiku ule.

Tukamwomba atuandikie yote yaliyobaki kufanywa kabla ya Idi. Aliandika nyuma ya karatasi ya daftari la mtoto, na alipomaliza tulihesabu mambo 19. Kulikuwa na mchele, samli na viungo vya pilau, tambi na unga wa kaimati, kanzu tatu na nguo za mabinti kwa fundi, viatu, mapazia ya kufua, busati la kuanika, mtungi wa gesi, udi wa kufukiza nyumba, fitri ya watu wa nyumbani, na sahani ya bibi mzee wa nyumba ya chini, ambaye watoto wake wako mbali. Tuliisoma karatasi mara mbili tukitafuta lililo lake yeye. Halikuwamo.

Basi asubuhi ile, badala ya kukaa na vitabu, tulichukua vikapu viwili tukatoka.

Tulishuka kutoka Kibokoni jua likiwa bado la kuvumilika. Mji wa Kale mchana wa Ramadhani una utulivu wake: milango ya mikahawa imefungwa, mabaraza yana watu wachache, na sauti inayosikika zaidi ni ya magurudumu ya mkokoteni wa maji. Tulimsimamisha mchuuzi wa maji na kumwagiza mitungi kwa ajili ya kufua mapazia. Akatuuliza apeleke ghorofa ya ngapi, tukamwambia ya pili. Akatutazama, akatazama ngazi, akasema, "Mama huyachukua mwenyewe kutoka mlangoni." Hilo nalo hatukulijua, ingawa mlango ni wetu.

Kituo cha pili kilikuwa kwa fundi wa cherehani. Tulimkuta kichwa kimeinama, mita imening'inia shingoni, na nyuma yake vitambaa vimerundikana karibu kufika dari. Tulipompa vyetu alishukuru kuliko tulivyotarajia. Akatuambia: "Sheikh, kanzu ya tarehe 17 ni kanzu. Kanzu ya tarehe 27 ni usiku wangu." Tukamwomba atufafanulie. Akasema watu huleta vitambaa katika kumi la mwisho na kila mmoja hutaka nguo yake kabla ya Idi, naye hawezi kuwarudisha kwa sababu ni majirani na kwa sababu ana watoto wa kulisha. Kwa hiyo, tangu alipofungua duka lake, hajapata kuswali Tarawehe za kumi la mwisho msikitini isipokuwa kwa nadra. Huzisikia kwa kipaza sauti huku mguu u kwenye cherehani.

Ndugu msomaji, tulitoka pale tukijiuliza: ni wangapi kati yetu hujipamba asubuhi ya Idi kwa nguo ambayo imemkosesha Mwislamu mwenzetu usiku ulio bora kuliko miezi elfu? Hatusemi kushona usiku ni haramu. Kutafuta riziki ya halali ni ibada, na Mwenyezi Mungu hampotezei fundi ujira wake. Ila kuchelewa kwetu sisi hakuna udhuru. Kitambaa kilikuwa dukani tangu Shaabani.

Kutoka hapo tulikwenda Marikiti. Sokoni wauza viungo wanatujua kwa sura za msikitini, si kwa vikapu. "Sheikh, leo mwenyewe?" aliuliza mmoja, na wenzake wakageuka. Tulinunua bizari ya pilau, mdalasini, karafuu, pilipili manga na iliki. Bei ya iliki tulitajiwa, tukailipa. Jioni mwenzetu alipoiona iliki na kusikia bei, alishika mdomo asicheke mbele ya watoto. Kujua bei, kujua iliki iliyojaa na iliyo kapi, kujua duka lipi lina samli isiyochanganywa: hiyo ni elimu, nayo hukusanywa kwa miaka. Tulikuwa tumeiita shughuli ndogo kwa sababu hatukuwahi kuifanya.

Mwisho tulinunua mchele, na hapa tutasimama kidogo kwa sababu ndani yake mna hukumu. Zakatul Fitri katika madhehebu yetu ya Shafi hutolewa chakula kinacholiwa zaidi katika mji, nacho kwetu ni mchele. Kiasi chake ni swaa moja kwa kila mtu, nayo ni mudi 4. Wazee wetu wakipima kwa pishi, yaani vibaba 4. Kwa kilo za leo hukadiriwa baina ya 2.5 na 3, na kwa ihtiyati wengi hutoa 3. Nyumba yetu ina watu 7, kwa hiyo tulipima kilo 21 na kuzifunga mbali na mchele wa pilau. Wakati ulio bora wa kuitoa ni asubuhi ya Idi kabla ya Swala, na si halali kuichelewesha bila ya udhuru mpaka siku ya Idi ikapita. Lakini yajuzu pia kuitanguliza tangu kuingia Ramadhani. Ibn Abbas (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliifaradhisha iwe kumtwaharisha aliyefunga kutokana na maneno ya upuuzi na machafu, na iwe chakula cha maskini. Maskini naye ana sufuria, ana kuni za kutafuta na watoto wanaomuuliza watakula nini. Mchele unaomfikia mapema humpa nafasi ya kupanga Idi yake kama sisi tunavyopanga yetu. Mchele unaogongewa mlango imamu akiwa yuko njiani kwenda kuswalisha, humkuta keshapita usiku mzima wa wasiwasi.

Tulirudi nyumbani adhana ya Adhuhuri ikikaribia, mabega yanauma na koo limekauka. Tulikusudia kulala. Tukakumbuka karatasi: kazi za nje zilikuwa nusu tu. Baada ya Swala tulikaa chini na sinia tukachagua mchele. Kijana wetu mkubwa tukamwita akashusha mapazia, mdogo wake akapewa busati. Nazi za mchuzi wa futari tulizikuna sisi wenyewe juu ya mbuzi. Nazi ya kwanza tuliikuna mpaka tukafikia kifuu, tui likatoka na weusi, binti yetu akalichuja tena bila ya kusema neno. Nazi ya pili ilikuwa afadhali. Mwenzetu, kwa mara ya kwanza tangu mwandamo wa mwezi, alilala baina ya Adhuhuri na Alasiri. Tulipomuuliza asubuhi anataka nini cha Idi ili tukiandike katika karatasi, hakutaja leso wala marashi. Alisema, "Saa mbili za usingizi wa mchana, zitanitosha kwa usiku."

Alasiri tulikwenda kwenye darsa. Badri tuliitaja, kisha tukaiacha darsa tuliyoiandaa. Tuliwakumbusha watu mambo matatu.

La kwanza, bibi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na wakati wa Swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Mbora wa viumbe hakuona kazi ya nyumba kuwa inampunguzia daraja.

La pili, bibi Aisha (R.A.) huyo huyo ndiye aliyetueleza kwamba likiingia kumi la mwisho, Mtume (S.A.W.) alijifunga kibwebwe, akauhuisha usiku na akawaamsha watu wa nyumbani kwake. Sisi hujifunga kibwebwe, tukauhuisha usiku, na hapo tukakoma. Watu wa nyumbani hatuhitaji kuwaamsha, kwa kuwa hawajalala: wamo jikoni. Sunna tumeichukua nusu.

La tatu, na hili liliwafanya baadhi ya wazee kuinua vichwa, ni kwamba wanachuoni wa madhehebu yetu wameeleza kuwa kupika na kufua si jambo linalomwajibikia mke kwa mkataba wa ndoa. Analifanya kwa ihsani na kwa mapenzi ya nyumba yake. Hakika ihsani hushukuriwa, na kuishukuru kwa ulimi peke yake wakati mikono imekunjwa ni shukrani pungufu.

Mzee mmoja alituuliza baada ya darsa, "Sasa Sheikh, tuache itikafu tukakune nazi?" Tulimjibu kuwa la, itikafu isiachwe. Kinachotakiwa ni kuilipia mapema. Anayetaka kukaa msikitini siku kumi, na afanye katika siku ishirini za mwanzo kazi ambazo zingemfunga mwenzake nyumbani. Viatu vinunuliwe sasa, maduka yana nafasi. Nguo zifike kwa fundi sasa, au mwakani zifike Shaabani. Fitri ipimwe. Mapazia yafuliwe na vijana wenye nguvu. Futari za kumi la mwisho zipunguzwe aina: tende, uji na kitu kimoja cha mezani vyatosha, na aliyezoea aina saba hatakufa kwa kula mbili. Hata katika usiku wa kumi la mwisho, wanaume wapangiane zamu. Baba abaki na watoto usiku mmoja ili mama aende msikitini, au afunge mlango wa chumba chake aswali asiitwe na mtu.

Nasi tuseme kweli ya nafsi zetu, kwani msemaji hupimwa kwa nyumba yake. Siku ile ya tarehe 17 tulikamilisha mambo 12 katika 19. Saba yamebaki, nayo yamebandikwa kwenye mlango wa jikoni, na mbele ya kila moja limeandikwa jina la atakayelifanya. Majina mawili ni ya watoto, manne ni yetu, na moja ni la mama, ambalo amelishika mwenyewe akakataa kulitoa: kupeleka sahani ya bibi mzee wa chini. Itikafu mwaka huu tumeinuia, ila kwa masharti ambayo tumekubaliana. Usiku wa tarehe 27 sisi tutakuwa nyumbani na wadogo, na yeye atakwenda msikitini. Hatujui Lailatul Qadr itakuwa usiku upi. Ikiwa ni huo, basi tunatumai kwa ukarimu wa Mola wetu kwamba aliyekaa na watoto kwa nia njema hatarudi mikono mitupu.

Unapoisoma karatasi hii, ndugu msomaji, kumi la mwisho liko mlangoni. Kabla ya kwenda Tarawehe usiku wa leo, ingia jikoni, uulize yaliyobaki, na uyaandike. Kisha litafute jina lako katika orodha hiyo. Ukilikosa, litie.

Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu na kisimamo chetu, awalipe mama zetu, wake zetu na dada zetu kwa kila tonge walilotufuturisha, awape nao fungu lao la usiku huo mtukufu, na atufikishe Idi hali ametughufiria. Amin.