Upasuaji wa kufyonza mafuta: Usikimbilie matatu ya kurudi nyumbani

Jioni moja alifika katika kliniki yangu hapa Ndanai, Kaunti ya Bomet, mama mmoja mwenye umri wa miaka 41. Alikuwa akichechemea, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba kuliko wa kulia. Nilipomuuliza kulikoni, alinong'ona: "Daktari, nilienda Nairobi nikatolewa mafuta ya tumbo. Nyumbani hawajui."

Siku moja tu baada ya kupasuliwa, mama huyu alikuwa amepanda matatu na kuketi zaidi ya saa tano, akipitia Narok na Bomet. Damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa wa mguu. Donge kama hilo likikatika na kufika mapafuni, linaweza kuua kwa dakika chache. Tulimpeleka hospitali kubwa usiku huo huo, na kwa bahati njema akapona.

Mama huyu hakuwa mjinga. Aliuliza bei, akauliza kama atabaki na kovu. Jambo ambalo hakuuliza ni yapi yangemfuata akishatoka kliniki. Hayo ndiyo ninayotaka kukueleza leo, msomaji, kwa maana hatari nyingi za upasuaji huu hujitokeza siku zinazofuata.

Hufanywa vipi?

Daktari hutoboa vitundu vidogo kwenye ngozi na kuingiza maji ya chumvi yaliyochanganywa na dawa ya ganzi pamoja na adrenalini, ambayo hupunguza kuvuja kwa damu. Kisha huingiza mrija mwembamba, akausukuma mbele na nyuma huku mashine ikifyonza mafuta. Mgonjwa anaweza kutiwa ganzi mahali hapo tu, au kulazwa usingizi kabisa. Daktari Mfaransa, Yves-Gérard Illouz, ndiye aliyeieneza njia hii kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970.

Kadiri mafuta yanayotolewa yanavyozidi, ndivyo hatari inavyoongezeka. Yakizidi lita 5, mgonjwa anapaswa kulala hospitalini chini ya uangalizi.

Fahamu pia kwamba hii si tiba ya unene. Mrija hufikia mafuta yaliyo chini ya ngozi pekee, wala haugusi yale yanayozunguka ini na utumbo, ambayo ndiyo yanayohusishwa zaidi na kisukari na ugonjwa wa moyo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulionyesha kuwa wanawake wanene waliotolewa mafuta mengi ya tumbo hawakupata nafuu katika sukari wala shinikizo la damu.

Siku baada ya siku

Siku mbili za kwanza, maji yenye rangi ya damu hutiririka kutoka kwenye vile vitundu. Usishtuke. Mwili utauma kama wa mtu aliyepigwa, ngozi itavimba na kufanya alama nyeusi. Utavaa vazi maalumu la kubana, mara nyingi kwa wiki nne hadi sita. Tembea polepole ndani ya nyumba tangu siku ya kwanza ili damu isigande.

Wengi hurudi kazi ya ofisini baada ya wiki moja au mbili. Kubeba mtungi wa maji, gunia au kapu la majani chai kungoje wiki nne hadi sita. Uvimbe huisha taratibu, na umbo lako jipya huenda lisionekane vyema kabla ya miezi mitatu hadi sita. Ngozi inaweza kubaki na ganzi kwa wiki kadhaa, au kuwa na mabonde. Na ukila ovyo, utanenepa tena.

Dalili za kukimbiza hospitali

Usingoje kesho ukiona mojawapo ya haya: kukosa pumzi au maumivu ya kifua, mguu mmoja kuvimba na kuuma, homa na kutetemeka, ngozi nyekundu yenye joto, au inayogeuka nyeusi na kutoa malengelenge, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, kwani mrija unaweza kutoboa utumbo, kuchanganyikiwa au kuzirai.

Oktoba 2024, mwanamke mmoja alifariki Nairobi siku chache baada ya upasuaji wa aina hii. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, liliamuru kliniki husika ifungwe. Kifo hicho kiwe funzo kwetu.

Kabla ya kulipa

Kwanza, hakikisha daktari ni mpasuaji bingwa wa kurekebisha maumbile, na kwamba yeye na kliniki yake wana leseni. KMPDC huweka orodha hiyo kwenye tovuti yake, na kila mtu anaweza kuiangalia.

Pili, mwambie ukweli wote: magonjwa, mimba, sigara, aspirini, tembe za kupanga uzazi, na kama uliwahi kupata donge la damu. Usiache dawa yoyote kabla ya kumuuliza.

Tatu, uliza: nikizidiwa usiku, nampigia nani, na nitalazwa wapi? Asipokuwa na jibu, ondoka.

Nne, kama unatoka mbali, panga mahali pa kulala karibu na kliniki hadi daktari akuangalie tena na kukuruhusu kusafiri. Ukiruhusiwa, shuka njiani kila baada ya saa moja au mbili unyooshe miguu. Beba barua yenye maelezo ya upasuaji, ili daktari wa nyumbani asikutibu kwa kubahatisha.

Mwisho, mwambie angalau mtu mmoja unayemwamini. Mgonjwa wangu aliuona mguu wake ukivimba tangu asubuhi, lakini akakaa kimya hadi jioni kwa kuogopa maswali. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mwili ni wako, na uamuzi ni wako. Usiruhusu aibu ikunyime msaada unapouhitaji.