Usitie Saruji Kwenye Shimo la Moto

Swali huja kwa sura ile ile. "Fundi, shikamoo. Nataka kujenga shimo la moto uani, jioni tuote, Jumapili tuchomee mbuzi. Saruji mfuko mmoja nichanganye na ndoo ngapi za mchanga ili lisipasuke?" Nimeulizwa na watu wa Kumsenga, wa Kibondo mjini, na wa Kasulu. Wapo walioshajenga, likabomoka, wakajenga tena, likabomoka tena, na sasa wanauliza kama watie mifuko miwili. Jibu langu kwa wote ni moja, na naliandika hapa ili anayefuata kuuliza nimwelekeze huku: usitie saruji. Hata kijiko kimoja. Kinachopasua shimo lako ni saruji yenyewe.

Najua jibu hili linaudhi. Kwetu saruji imekuwa alama ya maendeleo, na anayejenga kwa tope huonekana amekosa uwezo. Kwenye ukuta wa nyumba na sakafu sina ugomvi nayo hata kidogo. Ninachokataa ni kuipeleka mahali ambapo makaa ya mti wa mtundu yanakaa saa nne mfululizo na kufika nyuzi joto 700, kisha asubuhi yakapoa kwa baridi ya Juni, na Jumapili ijayo yakawashwa tena.

Hoja ninayoletewa kuliko zote ni hii: saruji yenyewe imepikwa kwenye tanuri, kwa hiyo moto imeshauzoea. Nusu ya kwanza ni kweli. Katika tanuri la kiwanda kama cha Wazo Hill, mawe ya chokaa na udongo hupikwa pamoja mpaka kufikia nyuzi 1,450, kisha husagwa. Lakini kinachotoka kiwandani ni unga mkavu, na kilichopo ukutani mwako hakina tena tabia ya ule unga. Umeshautia maji. Watu wengi, wakiwemo mafundi wazuri wa kujenga, huamini kwamba saruji hukaza kwa kukauka. Haikauki. Inakaza kwa kuyafunga maji ndani yake, kiasi cha karibu robo ya uzito wake. Mfuko wa kilo 50 ukiganda sawasawa unashikilia zaidi ya lita 10 za maji ndani ya jiwe lenyewe. Hayaonekani wala hayagusiki, lakini ndiyo yanayoufanya ukuta uwe ukuta. Ukiwasha moto juu yake, unayafukuza.

Yanaanza kutoka mara joto linapopita nyuzi 100. Kati ya nyuzi 400 na 500, ile chokaa inayozaliwa wakati saruji inaganda huvunjika, ikatoa maji yake yote na kubaki chokaa kavu yenye kiu. Kwenye nyuzi 573 chembe za kwarzi, ambazo ndizo sehemu kubwa ya mchanga tunaochota mitoni, hubadili mpangilio wake wa ndani na kutanuka kwa ghafla. Joto likifika 600, zege la kawaida limeshapoteza nusu ya nguvu yake au zaidi. Moto wa kuni kwenye shimo hupita viwango vyote hivi bila hata kupulizwa.

Hapa ndipo watu wanapopotea, kwa sababu shimo halibomoki usiku ule wa moto. Nyama inaiva, wageni wanashukuru, na asubuhi mwenye nyumba anaona nyufa nyembamba tu. Anaridhika. Kisha mvua za Novemba zinaanza. Ile chokaa kavu inakunywa maji, inavimba, na kuvimba kwake kunausukuma ukuta kutoka ndani. Plasta inaachana na tofali, inamomonyoka kidogo kidogo, na baada ya wiki chache ukiigusa kwa kidole inadondoka kama unga. Mwenye nyumba anailaumu mvua. Au anamshuku fundi kwamba ameiba saruji, au anasema alichouziwa dukani ni saruji feki. Nimewaona mafundi waaminifu wakinyimwa malipo kwa kosa hili ambalo halikuwa la mikono yao, na jambo hilo linaniuma kuliko shimo lenyewe.

Kisha inafuata dawa ya uongo: kuongeza saruji. Ifikirie vizuri. Chokaa inayouvunja ukuta imetoka kwenye saruji, kwa hiyo ukiongeza saruji umeongeza chokaa. Umeongeza pia ugumu wa plasta, na plasta ngumu isiyopitisha hewa ndiyo hatari zaidi, kwa sababu maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi takribani mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo. Mvuke usipopata njia unajitengenezea. Kipande cha plasta kinaruka kwa kishindo, chenye moto na ncha kali, kwenye kimo cha uso wa mtoto aliyechuchumaa kuangalia mahindi yake. Anayekushauri uongeze saruji hajui anachokushauri.

Wengine huniambia ghorofa la zege likiungua hubaki limesimama. Husimama kwa sababu zege lake ni nene, joto huchukua muda mrefu kupenya hadi kwenye nondo, na limepigiwa hesabu ya kuvumilia moto mmoja mpaka watu watoke. Baada ya hapo wahandisi hulipima upya na mara nyingi sehemu zake hubomolewa. Hakuna aliyelijenga ghorofa ili liunguzwe kila Jumapili.

Wengine wananionyesha video kwenye simu, Mmarekani akijenga shimo zuri la duara na kumwaga kitu cha kijivu kinachofanana kabisa na saruji. Mara nyingi ni saruji nyingine, ya alumina, iliyopatiwa hataza Ufaransa mwaka 1908, ambayo haizai ile chokaa. Mara nyingine ukuta wa nje ni wa zege, lakini ndani kuna pete ya chuma au matofali maalumu ya moto, na makaa hayagusi zege popote. Na jiko la mkaa la Nairobi lenye kiuno chembamba, ambalo nalo huletwa kama ushahidi? Ni kweli kwamba baadhi ya mafundi wake hushikiza chungu cha ndani kwa mchanganyiko wenye saruji. Ila saruji hiyo iko nyuma ya udongo uliochomwa, imechanganywa na vemikulaiti inayozuia joto, na haikutani na kaa hata moja. Anayeiga kitu aige pamoja na sababu yake.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba wanaouliza wanaishi na jibu. Ni mtu gani Kumsenga au Kasulu ambaye hajawahi kuona tanuri la tofali? Matofali mabichi hupangwa kwa mamia na maelfu, huachiwa mianya ya kuingizia magogo, kisha nje hukandikwa tope. Tope tupu. Moto unawaka usiku na mchana, na ukandiko ule unatanuka, unanywea, unapasuka kidogo, unazibwa kwa tope jingine, kazi inaendelea. Hakuna mchoma tofali anayefikiria kupiga tanuri lake plasta ya saruji. Mfinyanzi naye hasagi saruji kuimarisha udongo wake. Wengi husaga vyungu vilivyovunjika, wakauchanganya unga wake na udongo mbichi ili chungu kisipasuke motoni. Katika kambi ya wakimbizi ya Nduta, iliyofunguliwa upya mwaka 2015 kupokea ndugu zetu kutoka Burundi, watu walijijengea majiko ya tope kwa mikono yao na kuyapikia maharage kila siku. Ujuzi huo umo huku kwetu tayari, na unaachwa kwa sababu hauuzwi dukani kwenye mfuko wenye chapa.

Siri ya udongo ni fupi. Nao una maji yaliyofungwa ndani yake, na joto la nyuzi 500 hadi 600 huyatoa. Lakini yakishatoka, hayarudi. Tofali lililoiva vizuri limeshapita kwenye moto huo mara moja na limeshamaliza kubadilika. Linaweza kulowa na kukauka, lakini halivimbi kama ile chokaa. Kwa hiyo tofali letu la kuchoma, lile lile la kujengea nyumba, ni kifaa kizuri cha shimo la moto, mradi liwe limeiva. Chukua mawili uyagonganishe: lililoiva hulia kwa sauti kali, bichi hutoa sauti ya kufa. Ukibaki na shaka, lilaze ndani ya ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi liwe zima, kingo zake zisimeguke. Yachague yaliyotoka katikati ya tanuri, karibu na moto, na uyaache ya pembeni yenye rangi hafifu.

Kabla ya kujenga kuna mambo mawili ya kukataa, nayo ni mafupi. Mawe ya mtoni, yawe ya Malagarasi au ya kijito cha nyuma ya shamba, yaache mtoni. Yamelala ndani ya maji, yana unyevu katika nyufa zisizoonekana, na yakipata moto hupasuka kwa nguvu ya ule ule mvuke. Na wanaotia chumvi kwenye udongo wakiamini inakaza: chumvi haitakusaidia, itakifundisha chuma cha wavu wako kuoza mapema tu.

Sasa jenga. Chagua mahali angalau mita tano kutoka kwenye paa la nyasi, ghala la mahindi na miti yenye matawi ya chini, na uangalie upepo wa kiangazi unatoka wapi, kwa sababu Julai na Agosti nyasi ni kavu na cheche husafiri. Chimba duara lenye upana wa mita moja na zaidi kidogo, kina cha sentimita 20. Mwaga kokoto kavu tabaka la sentimita 10 ili maji yapate pa kuzamia; shimo lisilonyonya maji linageuka dimbwi tangu Novemba hadi Aprili. Panga matofali kwa duara, kichwa cha kila tofali kikitazama katikati, ukiacha uwazi wa ndani wa sentimita 60. Kwa tofali lenye upana wa sentimita 11 utahitaji 17 kwa kila mstari. Mistari minne ni 68, nawe nunua 80 kwa sababu mengine yatavunjika. Mstari wa kwanza unaotokeza juu ya ardhi uache mianya minne ya upana wa tofali moja ili hewa iingie. Usisahau mianya hii, bila hewa utapata moshi tu.

Unaweza kuyapanga makavu, bila kitu katikati, na mimi ndivyo ninavyopendelea: tofali likiharibika unalichomoa na kuweka jingine. Ukitaka kuyashikiza, changanya kipimo kimoja cha udongo wa kichuguu, kimoja cha mchanga na kimoja cha tofali lililosagwa na kuchekechwa. Finyanga donge la ukubwa wa ngumi, likaushe kivulini siku tatu. Likipasuka, ongeza tofali la kusaga. Kiungo kiwe chembamba, kisizidi unene wa kidole kidogo.

Wavu wa kuchomea umpe fundi wa kuchomelea autengeneze kwa nondo ya milimita 10, mianya ya sentimita mbili, umbo la nusu duara. Hiyo nusu ndiyo inayolifanya shimo moja litumike mara mbili: kuni zinawaka upande ulio wazi, watu wanaota, nawe unayavuta makaa kwa koleo na kuyapeleka chini ya nyama. Acha matofali matatu ya mstari wa juu yachomoze ndani sentimita tano, yawe egemeo la wavu. Hapo utapata nafasi ya sentimita 20 hivi juu ya makaa, inayofaa mbuzi na kuku. Kwa samaki kama mgebuka au kwa mahindi weka matofali mengine chini uushushe. Nondo mpya ichome kwanza bila chakula, mafuta ya kiwandani yaishe. Wavu wa kufugia kuku usiutumie kabisa, wala chuma chochote chenye mng'ao wa bati: kile ni zinki, huyeyuka kwenye nyuzi 420, na moshi wake kwenye moto mkali unaleta homa. Pipa lililowahi kubeba dawa ya shamba lisikaribie chakula hata likikatwa na kuoshwa mara kumi.

Kuni ziwe kavu. Mwembe unafaa, mtundu unafaa. Mkaratusi waachie wa kuota tu kwa sababu moshi wake unaharibu ladha ya nyama. Mnyaa wa kwenye ua usiuguse, utomvu na moshi wake vinaumiza macho. Moto wa kwanza uwe mdogo, wa vijiti kwa saa moja, kesho yake mkubwa kidogo, siku ya tatu ndipo ualike watu. Msimu wa mvua lifunike shimo kwa kipande cha bati, na likilowa rudia moto mdogo kwanza. Usiuzime moto kwa kumwagia maji, matofali yenye moto yatapasuka. Tawanya makaa, yafukie kwa udongo mkavu, na urudishe bati juu yake na kuligandamiza kwa matofali mawili kabla hujalala, kwa sababu makaa chini ya majivu hubaki na moto mpaka asubuhi na watoto huamka kabla yako.