Jiko libaki nje ya karakana

Mwezi wa saba, saa moja kasoro asubuhi, ukiingia kwenye banda langu la useremala hapa Chitete unapokewa na tone la maji kisogoni. Mvua ilishakatika tangu Aprili. Maji hayo yametoka kwenye bati. Usiku kucha bati limetazamana na anga isiyo na wingu, likamwaga joto lake lote juu mpaka likawa baridi kuliko hewa iliyo chini yake. Unyevu uliopanda kutoka kwenye sakafu ya udongo na kwenye mbao mbichi ukaligusa, ukageuka maji. Bati limetoa jasho, ndivyo tunavyosema. Jasho hilo likidondokea randa iliyoachwa wazi, kufika saa nne chuma kina doa la kutu rangi ya chungwa, na doa hilo utalikuta limejichora kwenye ubao wa kwanza utakaoupitishia randa.

Baridi yetu si ya Makete wala Kitulo, ambako nyasi zinaamka zimevaa barafu. Tunduma juu kule, penye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, ina upepo unaopenya koti. Ukishuka upande wa bonde la Ziwa Rukwa, kuelekea Kamsamba, joto linaongezeka kadiri unavyoteremka, zaidi ya nusu nyuzi kwa kila mita 100. Wilaya ya Momba ina vyote viwili, mwinuko na bonde. Ndiyo maana mgeni anayepita mchana hutucheka akiona makoti ya mitumba yametundikwa ukutani. Mgeni huyo hafanyi kazi alfajiri. Karakana ya nyumbani ni kazi ya kabla ya shamba na baada ya shamba, kabla ya ofisi na baada ya ofisi. Saa tulizobakiwa nazo ndizo hizo za baridi.

Na baridi haimkamati fundi peke yake. Gundi nyeupe ya mbao ni maji yenye chembe ndogo za plastiki ndani yake. Maji yakiondoka, chembe zinatakiwa kushikana ziwe utando mmoja. Ubaridi ukizidi, hazishikani. Gundi nyingi za aina hiyo zinataka joto lisipungue nyuzi 10 hivi, na usiku wa Julai mjini Mbeya unashuka chini ya hapo. Utaijua gundi iliyoshindwa kwa rangi yake: badala ya kukauka ikiwa angavu inakauka nyeupe, ukiikwangua kwa kucha inatoka unga kama chaki. Kiti kinaondoka kwa fundi kikiwa imara kwa macho, baada ya mwezi mguu unacheza, na mteja anasema fundi amemwibia. Nimewahi kurudishiwa viti vinne vya seti moja kwa sababu hiyo, na mteja alikuwa na haki.

Basi mtu anafanya nini? Anaingiza jiko la mkaa. Hapo ndipo ninapotaka kusimama, kwa sababu mimi mwenyewe nililiingiza.

Ilikuwa kazi ya kitanda cha harusi, siku zimebaki mbili. Kuta za banda langu ni za mabanzi, na mabanzi hayakutani vizuri. Wiki hiyo nilikuwa nimeziba nyufa zote kwa viroba vya mbolea na vipande vya maboksi, nikaridhika na kazi yangu. Nikawasha jiko nje, nikasubiri mkaa uive vizuri, moshi uishe, makaa yawe mekundu. Ndivyo nilivyofundishwa tangu utotoni: moshi ukiisha, jiko ni salama. Nikaliingiza, nikafunga mlango. Kwa nusu saa nilifurahia kazi kuliko siku yoyote ya msimu ule. Kisha kichwa kikaanza kubana kwenye paji kama mtu anayekaza mkanda. Nikadhani njaa. Patasi ikateleza mara mbili, mara ya pili karibu na kidole gumba. Nikakaa chini kwenye maranda nipumzike kidogo. Mke wangu alikuja na chai, akafungua mlango, akasema, “We baba, mbona umekaa chini?” Nilimsikia, nikataka kumjibu, na miguu ikakataa kunyanyuka. Alinivuta kwa makwapa hadi uani. Nilitapika, nikalala kivulini hadi mchana, kichwa kikaniuma siku mbili.

Iliyonilaza ni kaboni monoksaidi. Mkaa ukiungua pasipo hewa ya kutosha unaitoa hewa hiyo, nayo haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia kwenye mapafu inashikana na hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu anavuta pumzi kama kawaida huku mwili wake unakosa hewa. Anayeumwa kichwa, anayesikia kizunguzungu na kichefuchefu huku jiko likiwa ndani asitafute dawa ya maumivu. Atoke nje kwanza, kisha aende hospitali. Na yale makaa mekundu yasiyo na moshi, tuliyoyaamini miaka yote, ndiyo yanayoimwaga kwa wingi. Moshi ulikuwa unatufukuza chumbani. Ukiisha, hakuna tena wa kutufukuza.

Wapo wanaoweka sufuria la maji pembeni ya jiko wakiamini maji yatameza sumu. Hewa hiyo haiyeyuki kwenye maji kiasi cha kumwokoa mtu. Wengine wanaacha dirisha wazi upana wa kiganja. Upepo ukigeuka, dirisha hilo ni kama halipo. Habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, asubuhi wasiamke, tunazisikia Nyanda za Juu Kusini msimu wa baridi unapofika, na karakana ni chumba kama chumba kingine. Kwa kweli ina hatari ya ziada: thina, vanishi na petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni kama maji mpaka uikute cheche. Fundi wa gereji anayeosha vipuri kwa petroli, jiko likiwa mita 3 kutoka kwake, hahitaji kulimwagia. Mvuke utalifuata wenyewe.

Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka kufikia mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Naunga mkono kwa moyo wote. Mama zetu wamekula moshi wa kutosha. Lakini sisi wa mikoa ya baridi tunajua jambo ambalo aliyekulia Dar es Salaam anaweza asilione: jiko la mkaa huku lina kazi mbili. Linapika, kisha tunaliota. Gesi ikipika ubwabwa inazimwa, na jikoni panabaki baridi. Nyumba itakayonunua mtungi itaendelea kununua gunia la mkaa kwa ajili ya kuota, na sasa jiko litakaa chumbani na karakanani badala ya jikoni. Ningependa sana maofisa wetu wa afya na wa maendeleo ya jamii, wanapopita kuhamasisha gesi, waulize pia swali hili dogo: mwezi wa saba mnaota nini, na wapi?

Umeme upo, mtu ataniambia. Hita ya wati 2000 inakula yuniti 2 kwa saa. Ukiiwasha saa 5 kwa siku, aliye kwenye kundi la watumiaji wadogo, wale wa yuniti zisizozidi 75 kwa mwezi, anazimaliza kabla siku ya nane haijaisha, na hapo hajawasha taa wala kuchaji simu. Seremala wa Norway anayefanya kazi kwenye gereji ya nyumbani huku theluji imefika dirishani hategemei hita peke yake pia. Kwanza anafunika kuta na dari kwa pamba ya kioo, ili joto dogo alilolinunua lisitoroke. Hapo ndipo tunapaswa kujifunza kwake, na vifaa vyetu vinatosha.

Nilianza na juu. Chini ya bati nilitandika viroba vitupu vya salfeti nikavishonea kwenye kenchi, nikaviwekea tabaka la maboksi, nikaacha nafasi ya hewa ya kiganja kati ya maboksi na bati. Jasho la bati sasa linakauka hukohuko juu, na tone la kisogoni limepungua sana. Chini nilitandaza mabanzi membamba mahali ninaposimama, kwa sababu udongo unanyonya joto la miguu. Nyufa za upande wa upepo nimeziziba kwa udongo uliochanganywa na maranda. Za upande wa pili, juu karibu na paa, nimeziacha wazi makusudi.

Joto lenyewe linaingia kwa dumu. Jioni moto wa kupikia ukiwa bado na nguvu, tunachemsha maji, tunayaacha yapoe kidogo ndipo tunayamimina kwenye dumu la lita 20. Maji hayo yakishuka kutoka nyuzi 70 hadi 20 yanatoa joto sawa na hita ya wati 1000 ikiwaka zaidi ya saa moja, na hayatoi hewa ya sumu hata chembe. Dumu moja nalisukuma chini ya benchi, kati ya miguu. Jingine nalifunika kwa blanketi la zamani pamoja na vipande vya kazi vilivyopakwa gundi, hadi asubuhi. Chupa ya gundi inalala ndani ya nyumba, kwenye rafu ya jikoni karibu na chumvi, na mbao za kuunganisha kesho zinalala sebuleni. Watoto wamezoea kuruka mbao wakienda kulala.

Jiko bado ninalo, la pumba za mbao. Unachukua kopo la rangi la lita 20, unatoboa tundu ubavuni karibu na kitako, unasimamisha chupa katikati na kupitisha kijiti kinene kwenye tundu la ubavuni hadi kiikute. Kisha unashindilia pumba tabaka kwa tabaka kwa kitako cha rungu hadi zikae ngumu kama tofali. Unaizungusha chupa taratibu na kuichomoa, kijiti nacho unakitoa, njia ya hewa inabaki. Ukiwasha kwa chini, linaungua polepole kwa saa kadhaa bila kuongezewa kitu. Linakaa nje, kwenye kona ya ua, hatua kumi kutoka mlangoni. Nikisikia vidole vimekufa ganzi natoka, naota, nageuza viganja, narudi kwenye randa.

Jana jirani yangu fundi pikipiki alipita, akakuta nimesimama pale nje na mikono juu ya kopo. Akauliza kwa nini nateseka na upepo wakati banda lina nafasi ya kutosha. Nilimsimulia habari ya kitanda cha harusi. Alinyamaza kidogo, akasema kijana wake wa kazi amekuwa akilalamika kichwa asubuhi tangu wiki iliyopita. Hakungoja chai. Niliusikia mlango wa bati wa gereji yake ukifunguliwa wote, kisha jiko likiburutwa kwenye changarawe.