Uchapishaji wa tishu hai: Kwa nini tundu la nozeli huamua uhai wa seli?

Mgonjwa wa figo anayeishi Rusizi, kusini magharibi mwa Rwanda, hana tena sababu ya kuvuka bahari ili apandikizwe kiungo hicho. Hospitali ya King Faisal mjini Kigali ilianza kutoa huduma hiyo mwaka 2023. Hata hivyo, sharti moja halijabadilika: ni lazima apatikane mtu wa kumtolea figo.

Sharti hilo ndilo linalowasukuma wanasayansi kutafuta njia ya kutengeneza tishu za mwanadamu kwa mashine za kuchapisha. Na sehemu ya mashine inayowasumbua zaidi ni ndogo kupita zote: nozeli, yaani ncha yenye tundu ambamo wino hutokea.

Wino wenye uhai

Wino unaozungumziwa hapa ni jeli laini iliyochanganywa na seli hai. Jeli hiyo hutengenezwa kwa kolajeni, kwa jelatini, au kwa vitu vinavyopatikana katika mwani. Miongoni mwa vitu vilivyofanyiwa majaribio ni karajinani, inayotokana na mwani wa aina ile inayolimwa na kina mama wa Zanzibar.

Mashine husukuma wino huo utoke kama uzi mwembamba, kisha huupanga tabaka juu ya tabaka hadi umbo likamilike.

Funzo la mto Rusizi

Anayesimama mahali ambapo maji hutoka Ziwa Kivu na kuingia mto Rusizi huona jambo linalofanana na hili. Maji yaliyotulia ziwani huanza kukimbia yanapobanwa kati ya kingo mbili.

Ndani ya nozeli, wino ulio karibu na ukuta husita, na ule wa katikati hukimbia. Tofauti hiyo ya mwendo huzivuta na kuzikwaruza seli, hasa zile zinazopita kando ya ukuta. Mkwaruzo ukizidi, ngozi ya seli hupasuka nayo hufa.

Tundu dogo huchora kwa usahihi zaidi, lakini gharama yake ni kubwa. Kwa kimiminika cha kawaida kama maji, kipenyo kikipunguzwa kwa nusu, kiasi kinachopita kwa msukumo uleule hushuka hadi sehemu moja kati ya 16. Mtaalamu akiongeza msukumo ili kufidia upungufu huo, huziumiza seli.

Ndiyo maana nozeli nyingi huundwa kwa umbo la faneli, ili sehemu nyembamba iwe fupi. Aidha, huchaguliwa wino unaolegea unaposukumwa na kushikamana tena unapotulia, kama sosi ya nyanya katika chupa.

Wino mmoja hautoshi

Kiungo cha mwili hakijengwi kwa seli za aina moja. Kubadilisha nozeli kwa kila wino hupoteza muda, na seli hazivumilii kusubiri.

Mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani walieleza katika jarida la Nature nozeli ambayo njia zake hukutana karibu na ncha, mfano wa herufi Y. Iliweza kupokea wino hadi aina nane na kubadilisha kutoka mmoja hadi mwingine mara 50 kwa sekunde. Ugumu ulikuwa kupima msukumo wa kila njia, ili wino mmoja usirudi nyuma na kuingia katika njia ya mwingine. Vitu walivyochapisha, hata hivyo, vilikuwa vya mpira na plastiki, si vya seli hai.

Mwaka 2024, watafiti wa chuo hichohicho walitumia nozeli yenye bomba ndani ya bomba. Bomba la nje lilitoa kolajeni, na la ndani jelatini. Jelatini ilipoyeyushwa kwa joto, ulibaki mshipa ulio wazi. Mishipa hiyo ilichapishwa ndani ya tishu ya moyo iliyokuzwa maabara. Baada ya siku tano za kupitishiwa kimiminika kinachofanana na damu, tishu hiyo ilianza kudunda kwa pamoja.

Mishipa ndiyo kikwazo kikuu, kwa sababu seli iliyo mbali na damu kwa zaidi ya sehemu chache za kumi za milimita hukosa oksijeni. Sikio lililochapishwa na kupandikizwa kwa mwanamke nchini Marekani mwaka 2022 lilikuwa la gegedu, tishu isiyo na mishipa yake ya damu.

Je, figo itapatikana lini?

Hakuna figo iliyochapishwa ambayo imekwisha kupandikizwa kwa mwanadamu. Figo ina mamia ya maelfu ya vichujio vidogo, na kila kimoja kina mishipa yake.

Kwa mkazi wa Rusizi, kinga ingali tiba iliyo karibu zaidi. Shinikizo la damu na kisukari ni miongoni mwa visababishi vikuu vya figo kufa, na yote mawili hugunduliwa kwa vipimo vya kawaida kabla dalili hazijajitokeza.