Ukishikwa Ijumaa jioni, nani ana usemi wa mwisho?

Tuseme ni Ijumaa, saa kumi na mbili jioni. Uko steji unangoja matatu. Ghafla karao wanatokea, na kufumba na kufumbua uko ndani ya Land Cruiser na watu saba usiowajua. Kituoni hakuna anayekwambia kosa lako ni lipi. Je, maisha yako sasa yako mikononi mwa OCS?

Zii. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinasema lazima uambiwe mara moja, kwa lugha unayoelewa, kwa nini umekamatwa. Lazima pia ufikishwe kortini kabla ya saa 24 kwisha. Muda huo ukiisha wikendi, unapelekwa siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana Ijumaa jioni inaogopwa mtaani.

Jumatatu utasimama mbele ya hakimu, na huyo hapokei amri kutoka kwa OCS, gavana wala rais. Kama kosa lenyewe adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, hufai kuwekwa rumande.

Hapo ndipo unaona kazi ya mihimili mitatu ya serikali. Bunge hutunga sheria, Serikali Kuu huzitekeleza, nayo Mahakama huamua kama zimefuatwa. Hata wakubwa hukatazwa. Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilifuta ushindi wa rais aliyekuwa madarakani, na uchaguzi ukarudiwa Oktoba 26. Machi 31, 2022, mahakama iyo hiyo ilizima BBI, ikisema rais hawezi kutumia njia ya kubadilisha Katiba iliyotengewa wananchi.

Lakini tusidanganyane. Jaji hana jeshi. Agizo lake hutegemea polisi kulitekeleza, na bajeti ya Mahakama hupitishwa na Bunge. Tena korti haizunguki mtaani ikitafuta waliodhulumiwa. Inangoja uilete kesi.

Kwa hivyo ilete. Kifungu cha 22 kinakuruhusu kwenda kortini haki yako ya kikatiba ikikiukwa, na hulipishwi ada ya kufungua kesi hiyo. Na je, kuna mteja aliyekuhepa baada ya kumpigia picha za harusi? Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni. Unaweza kujitetea bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.

Turudi kwa ile Ijumaa. Usipigane na afande. Uliza kosa lako, omba kuwasiliana na wakili au mtu wa kukusaidia, kisha ukumbuke saa uliyoshikwa. Zile saa 24 zinahesabiwa kuanzia hapo.